Likizo Kuu ni Daraja



Mwezi wa Julai unapoanza, shule zetu hufungwa. Kengele hunyamaza, watoto hurudi nyumbani na buletini mkononi, na kazi nyingine huanza. Huku kwetu Wamaza, kama vile katika nchi yote ya Kasongo na Kabambare, huo ni wakati wa kiangazi: baba hufyeka shamba jipya lipate kuchomwa kabla mvua haijarudi, mama huanika mihogo, na vijana hutafuta fedha. Miezi miwili hupita hivyo. Mwanzo wa Septemba kengele hulia tena, nasi twaanza kuhesabu: huyu amerudi, yule hakurudi; na huyu amerudi, lakini amesahau.

Watu wengi hudhani kwamba likizo kuu, ile ambayo watoto huiita vakanse, haimo katika masomo. Kwamba masomo ni ya miezi kumi, na miezi miwili inayobaki ni mitupu. Sisi twataka kuonyesha, kwa kufuata historia ya nchi yetu, kwamba sivyo. Mtoto havuki kutoka masomo madogo na kuingia masomo makubwa siku ya kwanza ya Septemba. Huvuka kabla yake. Wale waliofungua shule za juu zamani walilijua jambo hilo, na mara nyingi walijenga kwanza daraja la kuzifikia. Madaraja hayo mengi yamekwisha kuondolewa. Lililobaki mikononi mwetu ni likizo.

Twasema hasa juu ya watoto wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wanaomaliza mwaka wa nane wa elimu ya msingi na kungoja kuingia umanite. Wa pili ni wale waliomo tayari ndani ya umanite, wanaopanda kwenda madarasa ya mwisho, ambako masomo huwa magumu na Mtihani wa Dola uko mlangoni.

Jina la umanite

Neno hili umanite twalitumia kila siku, lakini wachache wajua lilikotoka. Mwaka 1599 Wayezuiti walitoa kanuni za shule zao za Ulaya, ziitwazo kwa Kilatini Ratio Studiorum. Katika kanuni hizo madarasa yalipangwa kama ngazi: chini kabisa sarufi, juu yake umanite, na juu ya umanite retorika, yaani ufundi wa kusema na kuandika vizuri. Wabelgiji walirithi majina hayo. Shule yao ya sekondari wakaiita umanite, na darasa lake la mwisho wakaliita retorika. Ndivyo jina hilo lilivyofika Kongo.

Yafaa tutazame jambo moja katika kanuni zile za 1599. Hata likizo ilipimwa ndani yake. Madarasa ya chini yalipewa juma moja tu kwa mwaka. Sarufi ya juu ilipewa majuma mawili, umanite majuma matatu, na retorika mwezi mmoja. Sisi twaielewa hivi: mtoto mdogo hakuachwa muda mrefu kwa kuwa husahau upesi, mkubwa aliongezewa siku kwa kuwa alihesabiwa kuwa aweza kushika kitabu peke yake. Leo sisi twawapa wote miezi miwili, mdogo na mkubwa sawasawa. Basi yule anayeingia umanite yampasa awe na moyo wa mtu wa umanite, anayesoma bila kusukumwa.

Kutoka lugha ya nyumbani hadi lugha ya kitabu

Katika nchi ya Kasongo, njia ya masomo imekuwa daima pia njia ya lugha. Kabla ya misioni kufika, njia kuu ya biashara ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, akayaona mauaji ya watu sokoni mwezi wa Julai mwaka uo huo. Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Biashara ile ilikuwa ya pembe na ya watu, na hatuwezi kuisifu. Mwezi wa Aprili 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yakiongozwa na Dhanis, yaliteka Kasongo. Watawala wa pwani walikwenda zao, lakini Kiswahili kilibaki, na kimebaki hata leo kuwa lugha ya soko, ya kanisa na ya msikiti. Ndugu zetu Waislamu nao walikuwa na vyuo vyao, ambamo mtoto alijifunza kusoma Kurani kwa Kiarabu.

Basi tangu zamani mtoto wa nchi hii aliyetafuta elimu aliiacha lugha ya mamaye mlangoni, akaingia ndani ya lugha nyingine. Jambo hilo halijabadilika. Mtoto wa Wamaza leo husema lugha ya ukoo wake nyumbani na Kiswahili njiani, akifika darasani akute aljebra, historia na fizikia, zote kwa Kifaransa. Mara nyingi yule aliyeshindwa hesabu hakushindwa hesabu hata kidogo: hakufahamu swali.

Padri Stefano Kaoze

Mfano bora wa safari hiyo ni Padri Stefano Kaoze. Mapadri Weupe walifika Mpala, kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Mwaka 1896 Padri Victor Roelens aliwekwa kuwa Askofu, naye akaongoza Vikariati ya Kongo ya Juu. Mwishoni mwa karne ya 19 seminari ndogo ilianzishwa huko Mpala. Kaoze, mzaliwa wa Marungu, alikuwa mmoja wa vijana wa kwanza.

Tufikiri kidogo juu ya mzigo wake. Nyumbani alisema Kitabwa. Katekisimu aliipata kwa Kiswahili. Masomo ya seminari yalimtaka ajue Kilatini, na walimu wake walimfundisha Kifaransa pia. Hakukuwa na kaka yeyote wa nchi yake aliyepita kabla yake na kumwachia kaye zake. Hata hivyo, mwaka 1910 maandiko yake kwa Kifaransa juu ya fikra za Wabantu yalianza kuchapwa katika gazeti la Ubelgiji. Tarehe 21 Julai 1917 alipewa daraja la upadri huko Baudouinville, mahali ambapo leo ni Moba-Kirungu. Alikuwa Mkongomani wa kwanza kuwa padri katika nyakati hizi mpya. Alifariki mwaka 1951.

Mtu hawezi kujifunza lugha tatu za kigeni kwa kusikiliza darasani tu. Lazima azirudie akiwa peke yake, saa ambazo hakuna kengele. Hiyo ndiyo sababu seminari ndogo zilishika desturi ambayo sisi tuliopita humo twaijua vizuri. Mseminari akienda likizo hakuachwa kama mbuzi asiye na kamba. Alikabidhiwa kwa paroko wake. Alihudhuria Misa, alisaidia kufundisha katekisimu, alifanya kazi ya mikono pamoja na ndugu zake, na alikuwa na kazi ya kuandika katika kaye. Siku ya kurudi alibeba barua ya paroko, nayo ilisomwa. Watu walidhani barua ile ilihusu mwenendo tu. Kumbe ilihusu masomo pia, maana kijana aliyekaa miezi miwili bila kitabu alitambulika katika juma la kwanza.

Ngazi fupi, kisha mwaka wa matayarisho

Kwa watoto wasio waseminari ngazi ilikuwa fupi sana. Mpango wa Serikali ya Kibelgiji wa mwaka 1929, uliozipa ruzuku shule za misioni za Kibelgiji, ulitaka ngazi mbili za shule ya msingi: ya kwanza miaka 2, ya pili miaka 3. Baada ya hapo walifuata wachache tu, nao walikwenda shule za kazi maalumu: za walimu, za makarani au za mafundi. Umanite yenyewe haikuwa yao. Kijana Mkongomani aliyetaka masomo marefu aliyapata katika seminari, karibu mahali pengine popote hakuyapata.

Mwaka 1948 mpango mpya ulitolewa. Ndio uliofungua sekondari ya miaka sita kwa vijana Wakongomani. Katika mpango huo kuna jambo ambalo wasomaji wetu wasilipite upesi. Ngazi ya pili ya shule ya msingi iligawanywa mara mbili. Watoto wengi waliwekwa katika ngazi ya kawaida ya miaka 3. Wateule waliwekwa katika ngazi ya miaka 4, na mwaka ule wa ziada ulikuwa wa kuwatayarisha kwa sekondari. Maana yake, wenye mpango wenyewe walikiri kwamba mtoto hawezi kuruka tu kutoka shule ya msingi hadi umanite. Wakampa mwaka mzima wa kukaza Kifaransa na hesabu.

Hatusemi kwamba mpango ule ulikuwa wa haki. Kuwateua wachache na kuwaacha wengi nje tangu utotoni ni dhuluma, na wasichana waliachwa nje kuliko wote. Lakini daraja lilikuwa daraja. Kosa lake lilikuwa kuwavusha wachache.

Wakati uo huo Kanisa la kwetu lilikuwa likikua. Mwaka 1952 Kasongo ilifanywa Vikariati, chini ya Askofu Richard Cleire, na mwaka 1959 ikawa jimbo. Mwaka 1954 chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Nacho kiliona kwamba vijana wengi waliotoka sekondari hawakuwa tayari, kikaweka masomo ya matayarisho kabla ya chuo chenyewe. Hapa tena twaliona jambo lile lile: penye ngazi ya juu, palitangulia daraja.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, mapadri Wakongomani walihesabiwa kwa mamia, lakini watu wenye shahada za chuo kikuu walikuwa wachache mno, hata 30 hawakufika. Tofauti hiyo yatufundisha. Penye njia iliyotengenezwa tangu chini hata juu, watoto wa nchi hii walifika. Pasipo na njia, hawakufika, wala si kwa ukosefu wa akili.

Mtihani mmoja kwa nchi nzima

Baada ya uhuru mipango ilibadilika upesi. Mwaka 1961 miaka miwili ya kwanza ya sekondari ilifanywa kuwa ya maelekezo, ili mtoto ajulikane anafaa kwa masomo gani, kisha achague seksioni yake na kuendelea miaka minne ya umanite. Mwaka 1964 vita vya Simba vilifika Maniema, na shule nyingi zikafungwa. Mwaka 1967 Serikali ilianzisha Mtihani wa Dola, mtihani mmoja kwa wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho, wawe wa Kinshasa au wa Kabambare.

Mtihani huo upo hata leo. Kwanza mwanafunzi huandika insha kwa Kifaransa, na kufanya majaribio mengine kabla ya mtihani mkuu. Halafu huja siku nne: siku ya maarifa ya jumla, siku ya sayansi, siku ya lugha, na siku ya masomo ya seksioni yake. Maswali ya siku hizo, ambayo watoto huyaita itemi, huja na majibu kadhaa yaliyoandikwa tayari, naye achague moja lililo sahihi. Karatasi haiulizi kama shule yake ilikuwa na vitabu. Haiulizi kama mwalimu wake alipata mshahara, wala kama mto ulifurika. Yule wa mjini mwenye maktaba na yule wa kijijini anayesoma kwa mwanga wa moto hupewa swali lile lile.

Wakati huo shule zenyewe zilipitia misukosuko mikubwa. Mwishoni mwa 1974 Serikali ya Mobutu ilizichukua shule za makanisa. Mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 yalirudisha uongozi wake kwa makanisa. Katika miaka ya 1990 walimu walikaa bila mshahara wa kutosha, migomo ikakata mwaka wa masomo, na wazazi wakaanza kuchanga fedha ili walimu wapate kula. Kisha vita vya 1996 na vya 1998 vilipita Maniema. Watu walikimbilia msituni, na madawati yakawa kuni. Wako walimu waliofundisha chini ya miti wakati huo, na twawashukuru mbele ya Mungu.

Sasa sheria ya tarehe 11 Februari 2014 imepanga upya ngazi zote: miaka minane ya elimu ya msingi, yaani sita ya shule ya msingi yenyewe na miwili ya kumalizia, kisha miaka minne ya umanite. Tangu Septemba 2019 masomo ya shule ya msingi za Serikali, na za makanisa zilizopatana nayo, hayalipiwi karo. Wengi zaidi wameingia. Ni neema kubwa. Lakini mwaka wa matayarisho wa zamani haupo tena. Mtoto humaliza mwaka wa nane Juni, na Septemba yumo ndani ya umanite. Kati ya hapo pana Julai na Agosti, basi.

Wengine hufanyaje?

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Kwa jirani zetu Watanzania, mtoto hufanya mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba, hupata majibu Januari, na huingia kidato cha tano Julai. Ni miezi mingi ya kungoja. Ndiyo maana huko yamezaliwa masomo ya kujiandaa kwa kidato cha tano, ambamo vijana huanza kugusa fizikia, kemia, uchumi au historia ya ngazi ya juu kabla ya kuitwa shuleni. Asiye na fedha ya masomo hayo huazima daftari la aliyemtangulia.

Huko Marekani nako likizo ya kiangazi ni ndefu. Mwaka 1996 mtaalamu Harris Cooper na wenzake walikusanya pamoja uchunguzi 39 juu ya jambo hili. Walikuta kwamba, kwa wastani, likizo humnyang'anya mtoto kadiri ya mwezi mmoja wa mafunzo, na hesabu hupotea kuliko kusoma. Ikiwa hivyo kwa watoto wenye vitabu nyumbani na maktaba mjini, itakuwaje kwa mtoto ambaye kitabu chake pekee ni kaye aliyoiandika mwenyewe?

Hasara ya Julai na Agosti

Tuseme wazi mambo yanayotupotezea watoto wakati huu.

La kwanza ni dhahabu. Namoya na Salamabila zinajulikana kila mahali. Kijana wa miaka 16 huenda machimboni Julai akisema kwamba atafuta karo, na kweli umanite hulipiwa. Wengine hurudi na karo. Wengine huonja fedha ya mkononi, ya kuliwa siku ile ile, na darasa huonekana kwao kuwa refu mno. Hatujawahi kumsikia mtoto akitangaza kwamba ameacha shule. Twaona tu mahali pake pakiwa wazi.

La pili ni ndoa za mapema. Msichana aliyemaliza mwaka wa nane hukaa nyumbani miezi miwili, wageni huja kuzungumza na baba, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kuambiwa. Yule ambaye jina lake limekwisha kuandikwa umanite, na ambaye jirani humwona kila jioni na kaye yake, wageni wale husita kumwulizia.

La tatu ni usahaulifu, nao hauna kelele. Mtoto hakwenda machimboni, wala hakuolewa. Alisaidia wazazi vizuri, akacheza mpira, akalala. Septemba aliingia darasa jipya, mwalimu akaanza mahali ambapo programu inaanza, wala hakungoja mtu. Kufika Krismasi yule mtoto amekwisha kujiambia kwamba hana akili. Hilo ndilo jambo lituumizalo kuliko yote, maana si kweli.

Yafaa kufanya nini?

Hatusemi kwamba watoto waache kazi. Mtoto asiyejua jembe ni mgeni kwa wazazi wake, na karo haitoki mbinguni. Twasema kwamba siku ina saa za kutosha kwa jembe na kwa kaye. Asubuhi ni ya shamba. Alasiri, jua likipungua ukali, saa moja na nusu yatosha, mradi iwe kila siku isipokuwa Dominika. Majuma manane ya namna hiyo ni zaidi ya saa 70. Saa hizo si haba.

Kwanza, mtoto aazime kaye za aliyelimaliza darasa analoliendea. Afanye hivyo katika juma la kwanza la Julai, kabla hazijatumika kufungia karanga. Asijaribu kufahamu yote. Asome majina ya sura, anakili kurasa chache kila siku kwa mkono wake, na aweke alama mahali asipofahamu. Akiingia darasani Septemba, atayasikia maneno ambayo amekwisha kuyaona, na sikio lililotayarishwa hushika upesi.

Pili, akaze Kifaransa. Asome ukurasa mmoja kwa sauti. Kisha afunge kitabu, na aseme kwa Kiswahili yale aliyoyasoma, mbele ya ndugu yake au mbele ya mama yake. Asiyeweza kuyasema kwa Kiswahili hakuyafahamu kwa Kifaransa, alitamka tu. Mama asiyejua kusoma aweza kabisa kuwa msahihishaji wa zoezi hili, kwa maana atauliza, «Unasema nini?», na swali hilo lamfaa mtoto kama la mwalimu.

Tatu, arudie hesabu tokea chini. Wengi wanaoshindwa aljebra ya umanite walishindwa zamani katika sehemu, katika namba hasi na katika kanuni ya tatu. Mazoezi matano kila siku, bila mashine, yatatengeneza msingi huo. Asione haya kurudi nyuma: mjenzi akiona ufa katika msingi hapandishi ukuta.

Nne, wale wanaoingia mwaka wa mwisho wasingoje Mei ndipo watafute itemi za miaka iliyopita. Wazianze sasa, na kwa kila swali waandike sababu ya jibu. Asiyejua sababu amebahatisha, na bahati haimsaidii mtu siku nne mfululizo. Tena waandike insha moja kila juma, yenye mwanzo, kati na mwisho, na wampe mtu aisome.

Kazi yetu wengine

Katika haya yote mtoto asiachwe peke yake. Historia yatuonyesha kwamba walioinuka walikuwa na mtu nyuma yao. Kaoze alikuwa na walimu wa Mpala. Mseminari alikuwa na paroko na barua yake. Watoto wetu wa leo wana nani?

Wana sisi. Kila mahali penye kapela pana katekista, na mara nyingi pana mwalimu mmoja aliyebaki kijijini kwa likizo, au kijana aliyepata diploma yake na kurudi. Kapela hukaa tupu alasiri za siku za kazi. Mabenchi yamo, na mwanga huingia dirishani bila malipo. Twaona yafaa kila shirika la Wakristu lichague mtu mmoja wa kukaa na watoto hao saa ile. Si lazima awe mjuzi wa kemia. Atunze saa, aangalie kwamba kila mmoja ameleta kaye yake, na ampeleke aliyekwama kwa anayejua. Mlango usifungwe kwa mtoto wa Kiprotestanti wala wa Kiislamu, kwa maana watakaa katika darasa moja Septemba na mtihani wao ni mmoja.

Enyi akina baba, twawaomba jambo dogo. Mpatapo fedha ya mchele au ya mawese mwezi wa Julai, ondoeni kwanza bei ya kaye na ya karo ya muhula wa kwanza, mwiweke mahali salama, ndipo mnunue mengine. Mtu akija kuzungumza juu ya binti aliyeandikwa umanite, mjibuni kwamba binti yupo masomoni. Hata katika likizo yupo masomoni.

Enyi akina mama, mtoto anaposoma alasiri, msimtume kila dakika. Maji yatachotwa. Saa ile mwachieni.

Nanyi vijana mnaopanda kwenda madarasa ya juu, ngazi hizo hazikutengenezwa kwa ajili yenu bure. Wako waliotembea kutoka Kabambare siku nyingi kwa miguu kutafuta shule, wako waliofundishwa chini ya miti vita vikiendelea, na wako waliotamani umanite wakaambiwa kwamba si ya watu wa rangi yao. Leo mlango uko wazi, ijapokuwa daraja ni dogo. Mto Luama tunaujua sote: wakati wa kiangazi maji hupungua, na mwenye akili huvuka wakati huo. Asubuhi ya kwanza ya Septemba mvua zitakuwa zimeanza kurudi.

Mungu awabariki, na awape uvumilivu katika kazi iliyo mbele yenu.